Ng'ombe Nisiokuwa Nao

Hakuna juma linalopita bila kijana mmoja kunijia baada ya masomo. Huzungukazunguka penye mlango wa darasa, kisha huniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nifanye nini ili msichana anipende?" Mmoja awaza viatu, mwingine awaza simu, wa tatu ataka kufundishwa maneno matamu. Kwa muda mrefu niliwajibu kwa mashauri ya vitabuni. Leo nitawajibu kwa aibu yangu mwenyewe, maana nadhani itawafaa zaidi.

Mimi ni mtoto wa milima ya Masisi. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Lakini vita vilivyoanza Ntoto, katika Walikale, mwezi wa Machi 1993, vilipanda hata kwetu, na katika miaka iliyofuata makundi yaliyojaza malisho ya Masisi yaliibwa na kuchinjwa. Ng'ombe wetu walikwenda na wengine. Nilipopata akili, zizi la baba lilikuwa limekwisha kuwa shamba la maharagwe, na baba mwenyewe alikuwa kaburini. Mama alilima mashamba ya watu ili nipate karo ya seminari ndogo. Nilipoona kwamba sikuitwa kuwa padre, nilishika kazi ya ualimu, na mwaka 2014 nikapata nafasi ya kufundisha shule ya msingi huko Walikale.

Walikale si Masisi. Kwetu ni majani, ukungu na baridi. Huko ni msitu, joto na mawese. Tena chini ya msitu kuna mali. Tangu kasiteriti ilipogunduliwa Bisie mwaka 2002, vijana walimiminika huko kutoka pande zote. Niliwakuta wenzangu wa rika, wasioweza kuandika barua, wakitoa dola mfukoni kama mtu atoavyo karanga. Mimi mshahara wangu ulikuja kwa kuchelewa, na sehemu ya riziki yangu ilitoka katika michango ya wazazi, kama ilivyokuwa desturi kabla ya elimu ya msingi kufanywa ya bure mwaka 2019. Nilijiona mdogo mno.

Ndipo nilipompenda binti mmoja wa nyumba ya heshima, aliyekuwa akishona nguo kwa cherehani karibu na soko. Kabla ya kwenda kumwamkia niliazima koti kwa mwalimu mwenzangu. Saa niliikopa kwa mwenye duka, na viatu nilivichukua kwa deni. Akaniuliza habari za kwetu. Nikasema: "Kwetu tuna ng'ombe." Hakuniuliza ni wangapi, mimi mwenyewe niliongeza: "Kumi na wanne." Wala sikujisikia kuwa nasema uongo. Nilijiambia kwamba natoa habari ya kweli iliyochelewa miaka ishirini tu.

Miezi minane nilivaa koti lile. Wazee wake walinipokea vizuri, tukaanza kutaja mahari. Basi mjomba wake alipanda Masisi kuuza mafuta ya mawese, naye akafikiri kwamba ni vema apitie nyumbani kwetu awasalimu wakwe zake wa kesho. Aliuliza njiani kwa mwalimu mwenye ng'ombe kumi na wanne. Watu hawakumjua mtu huyo. Alipotaja jina langu, wakampeleka kwa mama, akamkuta katika shamba la watu, jembe mkononi.

Mama alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha alielewa, akanyamaza. Akamkaribisha mgeni, akampikia bugali na maharagwe, na mgeni alipokwisha kula akamwambia: "Ng'ombe walikwisha zamani, baba. Aliyebaki ni yeye. Tumemlisha kwa jembe hili."

Mjomba aliporudi aliniita nyuma ya nyumba yake. Nilitazamia matusi, lakini hakunitukana. Alinisimulia habari za Mwindo, ambazo Wanyanga wote wazijua, na ambazo Daniel Biebuyck, Mbelgiji, pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga, waliziandika kutoka kinywani mwa Rureke mwaka 1956, zikachapwa kitabu mwaka 1969. Mwindo alizaliwa akisema na kutembea. Alikuwa shujaa kweli, lakini kinywa chake kilijaa majivuno. Alipomwua Kirimu, joka la msituni, Nkuba bwana wa radi, aliyekuwa rafiki ya joka lile, alimchukua juu mbinguni. Akakaa huko mwaka mzima, akiteswa na baridi, na jua, na mvua, hata majivuno yakamtoka. Ndipo aliporudishwa duniani, akatawala watu wake kwa amani.

"Waona, Mwalimu," akasema mzee, "Mwindo alijivunia nguvu alizokuwa nazo, na hata hivyo aliadhibiwa. Wewe umejivunia ng'ombe usiokuwa nao, ukamficha mama uliye naye. Binti yetu tungalikupa kwa mbuzi. Lakini mtu asiyejulikana alipo, tutampaje mtoto?"

Binti naye alisema maneno machache. Aliniambia kwamba koti hakulitazama hata siku moja. Alichopenda ni namna nilivyowafundisha watoto wa watu. "Lakini sasa," akasema, "hata hayo mafundisho nayatilia shaka." Mwaka uliofuata aliolewa na mtu mwingine.

Ndugu zangu vijana, msidhani kwamba niliongoka siku ile. Hapana, nilianguka upande wa pili. Nilisema moyoni: "Kama uongo umeniponza, tangu leo nitakuwa nilivyo." Nikaacha kufua kola ya shati. Nikanywa kasiksi hadharani, nikawajibu watu kwa ukali, na hayo yote nikayaita ukweli. Nalikuwa na mwenzangu aliyependa kusema: "Mwanamke atakayenitaka anichukue hivi hivi." Tulisifiana sana mimi na yeye. Ilichukua miezi mingi kutambua kwamba tumevaa koti jingine, ila hili ni chafu. Shamba lisilopaliliwa ni shamba la kweli nalo, lakini nani atakula humo?

Nchi yetu yenyewe imepata kupita njia hiyo. Mwaka 1971 iliitwa Zaire, na mwaka 1972 raia waliamriwa kuacha majina ya ubatizo ya kigeni. Wanaume wakubwa wakatupa koti na tai, wakavaa abakosti. Kardinali Malula alipinga, ikambidi kwenda kukaa Roma kwa muda. Jambo hilo liliitwa kurudia uhalisi wetu. Wala halikuwa upuuzi mtupu, maana wakoloni walikuwa wamewatia watu wengi haya juu ya majina ya babu zao. Lakini uhalisi wa amri na wa mshonaji haufiki moyoni. Mwizi aliyevua tai akavaa abakosti alibaki mwizi.

Basi nilianza upya, kwa mambo madogo. Kwanza niliandika madeni yangu yote katika daftari, la koti, la saa, la viatu, hata la pombe. Niliyalipa kwa miezi kumi na mmoja. Pili nilikwenda Masisi kumwomba mama radhi. Alinipa jembe, tukalima pamoja mpaka jioni, wala hakutaja neno la ng'ombe. Tatu nilijizoeza kusikiliza. Sisi walimu twaharibika kwa kusema peke yetu mbele ya watu wasioruhusiwa kuondoka. Tukitoka darasani twafikiri dunia yote imekaa kwenye madawati. Tena nilirudi kwenye sabuni na pasi, nikaifua kola yangu. Usafi si uongo.

Nikajiwekea kipimo kimoja, nacho nawapa nanyi. Unapotaka kujirekebisha, jiulize: "Je, ningefanya hivi hata kama hakuna msichana anayenitazama?" Ukijibu ndiyo, endelea; jambo hilo litakuwa lako. Ukijibu hapana, jua kwamba umeazima koti, na mwenye koti atakuja kulidai.

Mwaka 2017, nikiwa nimerudi kufundisha Masisi, nilimfahamu yule ambaye leo ni mke wangu. Katika mazungumzo yetu ya tatu nilimwambia mshahara wangu, zizi lililokuwa shamba, na mambo yote ya Walikale. Alikaa kimya kitambo kirefu. Siku mbili baadaye alikuja akaniambia naye aliyoyaficha, nayo nayatunza. Tulioana mwaka 2018. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, yataka waoanao wawe wametimiza miaka 18, tena mahari iwepo. Lakini yatosha kwamba imeanza kutolewa. Wazee wake walipokea mbuzi watano, na yaliyobaki niliyamaliza polepole. Hakuna aliyepanda mlima kuhesabu mifugo yangu.

Msiseme kwamba hayo ni mambo ya ujana tu. Mwanzoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia Masisi, watu walikimbia kila mmoja na neno lake: huyu asema njia ya bonde ni wazi, yule asema imefungwa. Usiku nilimwambia mke wangu: "Njia ya chini si salama. Tupite juu, sasa hivi." Tulikuwa na watoto wawili, mmoja akiumwa homa, na juu kulikuwa na mvua. Alinitazama usoni, akamfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, akatoka. Hakuniuliza swali. Tulipofika mahali pa kupumzika nilimwuliza kwa nini hakubisha. Akajibu: "Siku ile uliniambia huna ng'ombe." Nilikumbuka miezi minane ya Walikale, nikatetemeka. Mtu yule wa koti, nani angalimfuata katika mvua usiku?

Nanyi wazazi, ruhusa niseme neno moja kwa heshima. Mkitaja mahari ambayo mwalimu au mkulima hawezi kuipata kwa jasho, mwafundisha wakwe wenu kusema uongo penye mlango wenu, na binti yenu ndiye atakayeishi na uongo huo. Tazameni mikono ya kijana, ulizeni habari za mama yake, nanyi mtajua mengi.

Jana tena kijana mmoja alinijia penye mlango wa darasa, viatu vyake vinang'aa. Nilimwuliza ni vya nani. Akainamisha kichwa. Nikamwambia: "Virudishe leo. Halafu umchotee mama yako maji, ufue shati lako mwenyewe, na kesho uende kumwamkia huyo binti kwa miguu yako." Aliondoka bila furaha. Leo asubuhi nilimwona akipita na ndoo.