Kilo Zinashuka, Vijiwe Vinaota

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo kliniki nimemwona mwalimu anayejiandaa kupunguzwa mfuko wa chakula ili apunguze uzito. Kisukari kinamsumbua, magoti yanamuuma, ameshaamua. Nilipomuuliza habari za tumbo akajibu upesi: "Vidonda tu, daktari, vya siku nyingi. Natumia omeprazoli." Nikamwomba anionyeshe panapouma. Akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia, kisha akapeleka mkono nyuma, karibu na bega. Maumivu humjia usiku, akishakula pilau au chipsi. Nimemwandikia altrasaundi.

Jumatano, 5 Machi
Majibu yametoka: kifuko cha nyongo kimejaa vijiwe vidogo vidogo. Kwa kuwa vinamuuma, kifuko kitatolewa siku hiyo hiyo ya upasuaji. Vingekuwa kimya, ningeshauri tuviache na kumfuatilia, kwani kuongeza upasuaji juu ya upasuaji kuna hatari zake, hasa kujeruhi mrija wa nyongo. Kwa wagonjwa wa baipasi, yaani upasuaji unaopunguza mfuko wa chakula na kugeuza njia ya utumbo, lazima tuupime uamuzi huo kwa makini zaidi. Utumbo ukishageuzwa njia, kamera ya kupitia mdomoni haifiki kirahisi kwenye mrija wa nyongo, na kijiwe kikikwama humo kukitoa ni kazi kubwa.

Jumatatu, 14 Aprili
Fundi cherehani tuliyempunguza tumbo mapema mwaka huu amekuja akiwa na furaha, gauni linampwaya. Kifuko chake cha nyongo kilikuwa safi, hakikuguswa. Lakini ursodioli, dawa ya kuzuia vijiwe, ameiacha. "Siumwi popote, daktari, niimezee nini?"

Nimemweleza taratibu. Mwili ukiyeyusha mafuta kwa kasi, kolesteroli nyingi huingia kwenye nyongo. Naye anakula kidogo, mafuta kidogo, hivyo kifuko hakijikamui ipasavyo. Nyongo hutuama na kuganda kuwa vijiwe. Utafiti wa Marekani wa 1995 kwa watu wa baipasi ulionyesha kuwa kati ya waliopewa dawa bandia, 32% waliota vijiwe ndani ya miezi 6. Kati ya waliomeza miligramu 600 za ursodioli kila siku, 2% tu. Utafiti wa Uholanzi wa 2021, kwa miligramu 900, ulihesabu waliougua hasa kwa vijiwe: 6.5% kwa waliotumia dawa, 9.7% kwa wasioitumia. Tofauti ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini ni watu wanaoepuka kulazwa.

Alipokuwa anaondoka akasema la moyoni: pesa ya dawa imeisha.

Jumanne, 15 Aprili
Nimelala na neno lake. Mgonjwa anachangiwa na ndugu hadi apate fedha za upasuaji, kisha miezi 6 ya dawa inamkuta mikono mitupu. Kwenye kikao cha asubuhi nimependekeza gharama ya dawa iandikwe kwenye makadirio ya kwanza kabisa, pamoja na altrasaundi. Wenzangu wamekubali.

Jumatatu, 9 Juni
Mwalimu amerudi, hana maumivu, na kwa kuwa kifuko kimetoka hahitaji ursodioli. Fundi anaendelea na dozi, nduguze wamemchangia.

Kila anayeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa bado na kifuko chake nitamwambia hivi: ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, homa, macho ya manjano au mkojo mweusi, usinunue dawa ya vidonda dukani. Njoo hospitali siku hiyo hiyo.