Ng'ombe Ametoka!

Wasomaji wengi waishio mijini hudhani kwamba kazi ya mfuga ng'ombe ni kukamua asubuhi, kukamua jioni, na katikati ya hayo kuketi chini ya mti akingojea hesabu ya maziwa kutoka chama cha ushirika. Laiti ingekuwa hivyo! Sisi tuishio shamba twajua kwamba kuna maneno mawili ambayo yakitamkwa, mwenye kunywa chai huacha kikombe, mwenye kunyoa huacha shavu moja na ndevu zake, na mwenye kusali huifupisha sala. Maneno yenyewe ni haya: Ng'ombe ametoka!

Mimi ninafuga ng'ombe watatu huku Nyeri, katika shamba lisilozidi ekari mbili na nusu. Wawili ni watulivu, nami sitawataja tena. Wa tatu ni wa gredi, aina ya Friesian, mweusi kwa mweupe, mwenye uzito upatao kilo 500, na jina lake ni Malkia. Watoto ndio waliompa jina hilo alipokuwa ndama, nao hawakukosea, maana tangu apate akili zake hajapata kuomba ruhusa kwa mtu ye yote.

Wahenga walisema kwamba ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Ni kweli. Lakini hawakutuambia aendako ng'ombe mwenye miguu minne mizima. Nimelichunguza jambo hilo kwa miaka kadhaa, nikiwa nimevaa viatu vya mpira na kushika kamba mkononi, nami naweza kusema kwa hakika kwamba haendi penye majani mengi. Majani mengi yamejaa kando ya barabara, tena ni ya bure. Yeye huyapita kwa dharau, akaenda kwenye shamba la mtu, na hasa la mtu yule ambaye mna neno naye.

Njaa humtoa ng'ombe zizini, lakini si kwa nguvu kama joto. Ng'ombe jike asiye na mimba hutaka ndume kila baada ya siku 21 hivi, na hamu hiyo aghalabu haimalizi hata siku nzima. Hapo ndipo mbao zivunjikapo. Hatuna udhuru wa kukosa mbegu njema, kwa kuwa kituo cha mbegu za mafahali kilianzishwa pale Kabete mwaka 1946, na siku hizi mtaalamu huzileta kwa pikipiki mpaka langoni, pamoja na cheti cha ukoo wa fahali. Malkia haheshimu vyeti. Ng'ambo ya bonde yuko fahali mmoja wa rangi ya udongo, hana ukoo wala mwenye kumsifu, na kwa ajili yake Malkia aliwahi kuvuka mto wakati wa mvua. Baada ya miezi tisa na siku chache tulipata ndama wa rangi ya udongo. Alifanana na baba yake kwa umbo, na mama yake kwa namna ya kulitazama lango.

Wazee hunieleza kwamba zamani ng'ombe hakuwa na mahali pa kutoka, kwa sababu hakufungiwa. Alichungwa na wavulana, na akila mazao ya mtu, wazee walikutana wakasema maneno yao yakaisha. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950. Mwaka 1954 ulitolewa ule mpango wa kilimo uitwao kwa jina la Bwana Swynnerton, na vipande vya ardhi vilivyokuwa vimetawanyika vikakusanywa na kupimwa, kila mtu akapewa shamba lake mahali pamoja. Watu wakapanda ua, wakaruhusiwa kahawa, wakaanza kununua ng'ombe wa gredi. Faida ilikuwapo, maziwa yale yamesomesha wengi, nami ni mmoja wao. Lakini kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, ambapo wengi walikuwa kizuizini au wamehamishiwa vijijini, na wako waliorudi wakakuta mipaka imekwisha kuchorwa wao wasipokuwapo.

Mpaka kati yangu na jirani yangu ni wa miaka hiyo. Baba yangu na baba yake walifariki kabla ya kupatana juu ya hatua nne za ardhi upande wa mto. Pengine pote kuna ua mzuri wa kayaba, wenye miiba ambayo hata kuku huifikiria mara mbili. Lakini pale penye hatua nne hapana mti hata mmoja. Atakayepanda huko ndani atakuwa amekubali kwamba mpaka uko ndani, na atakayepanda huko nje atakuwa amechokoza vita. Kwa hiyo pengo lile limekaa wazi zaidi ya miaka 60. Wanasheria hawalijui, na ramani hailionyeshi. Malkia analijua.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, umande ukiwa bado, jirani yangu alikuja akiwa na panga mkononi. Hakunisalimu. Akasema, "Njoo ututazamie maharagwe." Nilimkuta Malkia amelala katikati ya shamba la mtu, na mistari saba ya maharagwe machanga haipo. Nilianza kutayarisha maneno ya kujibu, maana nilijua kwamba hatutazungumza juu ya maharagwe peke yake. Tutafika kwa baba yake na kwa baba yangu kabla jua halijapanda.

Ndipo jirani yangu akamtazama ng'ombe, akanyamaza. Ubavu wa kushoto wa Malkia ulikuwa umevimba ukakaza kama ngoma, na pumzi zake zilikuwa fupi. Majani mabichi ya jamii ya kunde yakiliwa kwa wingi yana umande hufanya povu tumboni, hewa ikakosa njia, na ng'ombe aweza kufa kwa saa chache. Bwana mifugo alikuwa mbali. Jirani aliweka panga chini akasema, "Leta mafuta ya kupikia, chupa nzima, upesi!"

Tulimwinua kwa shida. Jirani alimshika kichwa, nami nikamnywesha mafuta kidogo kidogo ili yasiingie mapafuni. Tukamfunga kijiti mdomoni kwa kukingama apate kutafuna na kutoa mate, kisha tukamsimamisha penye mwinuko, miguu ya mbele ikiwa juu. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, watu wawili ambao hawakuwa wamesimama pamoja tangu mazishi ya mwisho, tukimsugua ubavu kwa zamu, tena pasipo kusema neno. Hatimaye Malkia akapiga mbweu moja ndefu. Sijapata kusikia muziki uliokuwa mzuri kuliko ule.

Jirani akajipangusa mafuta mikononi, akaliokota panga lake, akasema, "Haya, ndugu yangu, sasa tuhesabu mistari."

Tulihesabu. Nililipa madebe mawili ya maharagwe wakati wa mavuno, wala hakunipunguzia hata kibaba kwa ajili ya yale mafuta, kwa kuwa alisema yalikunywewa na ng'ombe wangu. Hesabu yake ilikuwa sawa.

Lakini tulipokuwa tukihesabu tulifika penye pengo, tukasimama wote wawili. Yeye ndiye aliyetoa shauri. Mti, alisema, huota mizizi, na mwenye mizizi hudai ardhi. Waya wa seng'enge hauna mizizi. Tukaita mzee mmoja wa mtaa awe shahidi kwamba waya huo hausemi lo lote juu ya mpaka, tukachangia gharama nusu kwa nusu, tukakaza nyuzi tatu. Habari ya hatua nne imebaki kama ilivyokuwa. Hata hivyo, siku hizi tunasalimiana, na mke wake hutuma mtoto kuomba moto au chumvi, jambo ambalo mama yangu hakuliona maisha yake yote.

Malkia aliutazama waya ule kwa muda wa siku nne, akageuka. Wiki iliyopita nilipokuwa mjini nilipokea picha katika simu yangu. Ilikuwa picha ya makalio ya ng'ombe, meusi kwa meupe, yakipanda kilima ng'ambo ya bonde, na chini yake jirani ameandika: Huyu ni wako? Nilitazama kalenda iliyokuwa ukutani dukani. Ilikuwa siku ya ishirini na moja.