Nishani Isiyo na Jina

Askari huhama. Leo yuko Moroto, kesho kutwa amekabidhiwa barua ya kwenda Mbarara, na kabla mwaka haujatimia mkewe anafunga tena magodoro kwa kamba. Ndiyo sababu watoto wa kambini huyajua majina ya kambi kuliko majina ya mababu zao, na kila mji wanaokaa huwa kwao ni kituo cha njiani tu. Sajini mmoja wa polisi aliyehamishiwa Arua pamoja na mkewe na watoto watatu hakuwa na fikira tofauti na hizo, mpaka siku ile binti yake wa kwanza, aliyekuwa darasa la sita, aliporudi kutoka shuleni na swali la mwalimu: Tajeni kitu cha kale mlichokiona kwa macho yenu karibu na nyumbani, na mseme kilikuwa cha nani.

Sajini alijibu upesi kwamba vitu vya kale viko Kampala. Aliwahi kuitembelea Makumbusho ya Uganda alipokuwa kuruta, na hakuisahau. Makumbusho hayo yalianza mwaka 1908 ndani ya ngome ndogo ya Lugard katika kilima cha Old Kampala, na tangu mwaka 1954 yamo katika jengo lake la Kitante. Humo mna ngoma, vinubi, marimba na pembe za makabila mengi ya nchi, na uani zimejengwa nyumba za namna mbalimbali ili mgeni aone watu walivyokuwa wakiishi. Kila mzazi awezaye kuwapeleka watoto wake huko na awapeleke. Lakini kutoka Arua hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 500, na nauli ya basi ya watu watano, kwenda na kurudi, si fedha ya kutolewa mfukoni kwa mshahara wa sajini bila ya kuathiri karo na posho.

“Baba watoto,” akasema mkewe, “kabla hujaifikiria Kampala, umewahi kuwapeleka watoto kwa bibi yao wakakaa wakamsikiliza?”

Mke huyo ni Mnubi. Alizaliwa Bombo, lakini mama yake mzazi alikuwa amekwisha kurudi Arua, naye alikuwa akiishi katika nyumba ya udongo yenye bati, umbali wa nusu saa kwa miguu kutoka kambi ya polisi. Sajini alizoea kwenda kumwamkia sikukuu, akanywa kahawa ya tangawizi, akaaga. Hakujua kwamba chini ya kitanda cha mama mkwe wake kulikuwa na sanduku la bati.

Jumamosi iliyofuata walikwenda wote. Bibi aliwakalisha kwenye mkeka, chini ya makawa ya rangi aliyokuwa ameyasuka mwenyewe na kuyatundika ukutani, kisha akamwambia mjukuu wake wa kike alivute lile sanduku. Ndani yake mlikuwa na gurbaba ya harusi iliyokunjwa, picha moja ya mwanamume aliyevaa kaptura na kofia ya kijeshi, na kitu kidogo kilichoviringwa katika kitambaa: nyota ya shaba nyeusi yenye ncha sita, yenye utepe wa buluu, nyekundu na rangi ya machungwa. Ilikuwa nishani ya Vita vya Burma, na mwenyewe alikuwa baba yake bibi.

Mtoto aliigeuza nyuma na mbele. Akauliza, “Bibi, jina lake limeandikwa wapi?”

Halikuandikwa popote, wala hilo halikuwa kosa la fundi. Nyota zile Waingereza walizitoa kwa maelfu baada ya vita bila ya kuchora jina la askari juu yake. Nyota ya koplo wa Arua ni sawasawa na nyota ya jenerali. Aipotezaye amepoteza kitu kisichoweza kurudishwa kwa mwenyewe, kwa kuwa hakuna atakayeiokota akajua ni ya nani. Bibi akaeleza kwamba mjukuu wake mwingine alikwisha kuiuza mara moja kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, naye akaifuata mwenyewe hadi sokoni akaikomboa. Katika nyumba ile, mtu pekee aliyejua ile nyota ni ya nani na ilitoka wapi alikuwa yeye, na alikuwa amekwisha kupita miaka themanini.

Hapo ndipo sajini alipoanza kuuliza maswali kama askari aandikaye taarifa. Baba yake bibi alikuwa katika kikosi cha nne cha King's African Rifles, kikosi cha Uganda. Kikosi hicho kilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw mwaka 1944 katika masika, kwenye matope na malaria, ikauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Bibi hakuyajua majina hayo. Alijua tu kwamba baba yake alikuwa hapendi kulala mvua iponyesha juu ya bati, na kwamba usiku wa mvua alikuwa akikaa nje barazani mpaka inakatika. Kitabu hakielezi habari kama hiyo.

“Na babu wa baba yangu,” akasema bibi, “alikuwa askari wa Dufile.”

Basi safari ya pili ikawa ya Dufile. Walisubiri sajini apate likizo, wakapitia Koboko ambako mkewe ana shangazi, mji ulio karibu na mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini inakutana, kisha wakashika njia ya Yumbe na Moyo. Mama watoto alifunga kisra, mayai ya kuchemsha na galoni mbili za maji, kwa kuwa alijua kwamba mtoto mwenye kiu hawezi kufundishwa historia. Walipofika walikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji wakajitambulisha, na mwenyekiti akawapa mzee mmoja wa Kimadi awaongoze.

Dufile hakuna jengo. Yuko Nile upande mmoja, mpana na mtulivu, na pande tatu zilizobaki lipo tuta la udongo na handaki, vyote vimefunikwa na nyasi na miti. Mtoto wa pili alisimama akatazama, akasema, “Baba, hayo makumbusho yenyewe yako wapi?” Wageni wengi husema hivyo mahali pa namna hii, na wengi hugeuza gari palepale. Mahali pasipo kuta wala kabati za vioo panahitaji mtu wa kusema, na mzee yule alikuwa na mengi ya kusema.

Dufile ilikuwa kituo cha serikali ya Misri katika jimbo la Ekwatoria, katika miaka ya 1870. Kaskazini yake, kwa upande wa Sudani, mto una maporomoko yasiyopitika kwa meli, hivyo meli zilibebwa vipande vipande na kuungwa hapo ili zielee hadi Ziwa Albert. Kutoka hapo Mwitaliano Romolo Gessi aliondoka mwaka 1876 akalizunguka ziwa lile. Tangu mwaka 1878 gavana wa jimbo alikuwa Emin Pasha, daktari Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa Mahdi mwezi wa Januari 1885, yeye na askari wake wakabaki kisiwani, ijapokuwa bahari haipo, naye akahamishia makao yake Wadelai, kusini zaidi kando ya mto uleule. Mwezi wa Agosti 1888 askari wake mwenyewe wakaasi, wakamfunga humo Dufile. Miezi mitatu baadaye majeshi ya Mahdi yakaishambulia ngome, na askari walewale waasi, wakiongozwa na Selim Bey, wakapigana ndani ya tuta hili mpaka wakayafukuza. (Emin aliokoka yote hayo, akafika pwani salama mwezi wa Desemba 1889, kisha akaanguka kutoka dirisha la ghorofa huko Bagamoyo usiku wa karamu ya kumpongeza, akavunjika vibaya. Watoto walicheka sana.)

Mwaka 1891 Lugard aliwakuta askari wa Selim Bey karibu na Ziwa Albert akawaandika kazi. Kutokana na hao likapatikana jeshi la Uganda Rifles mwaka 1895, na kutokana na hilo, mwaka 1902, King's African Rifles. Sajini alihesabu kwa vidole mbele ya wanawe: kutoka tuta hili hadi Burma, ni vizazi vitatu vya nyumba moja. Mkewe alikuwa ameinua kichwa kwa fahari.

Ndipo mzee wa Kimadi akasema kwa upole, “Mama, hao ni wazee wako na mimi siwatukani. Lakini wazee wangu walipoona moshi wa ngome hii, walikuwa wakificha mtama na kuwakimbiza ng'ombe vilimani. Askari wa hapa hawakuwa wakiletewa chakula. Walikuwa wakikichukua.”

Hakuna aliyejibu. Maneno hayo ni kweli, kwani ngome zote za Ekwatoria ziliishi kwa nafaka na mifugo iliyonyang'anywa vijijini, na wasafiri wa wakati ule waliandika hivyo. Binti alikuwa ameokota kigae cha chungu kwenye handaki. Akamtazama mzee, akakirudisha pale alipokitoa. Alifanya sawa, maana wachimbuaji wa mambo ya kale walifanya kazi mahali pale katika miaka ya 2000, na kigae kikiondolewa mahali pake hakina tena habari ya kuwaambia.

Njiani kurudi sajini alinyamaza muda mrefu. Walipokaribia Arua alimwambia dereva awapitishe Ombaci. Mkewe alimshika mkono. “Leo, na watoto?” Akajibu, “Leo, na watoto.”

Ombaci ni misheni ya Kikatoliki iliyo kilomita chache tu kutoka mjini. Tarehe 24 Juni 1981, wakati wa vita vya West Nile, watu waliokuwa wamekimbilia humo kutafuta usalama waliingiliwa na askari wa serikali ya wakati ule, wakauawa karibu watu mia moja, wake kwa waume na watoto. Wengi wamezikwa palepale. Familia ilimkuta mzee mmoja kwenye kivuli, naye baada ya salamu akamwuliza sajini anafanya kazi gani. Sajini alikuwa amevaa nguo za kiraia. Angeweza kusema kwamba ni mtumishi wa serikali, na asingekuwa ameongopa.

“Ni polisi, mzee.”

Mzee alimtazama kidogo, akainuka, akawatangulia hadi kaburini. Alieleza kwa maneno machache. Sajini alivua kofia yake, na watoto wakasimama kama walivyozoea kusimama bendera inaposhushwa kambini, ingawa hakuna aliyewaamuru. Walipoaga, mzee alimwambia sajini, “Afande, wengine wa kazi yenu hupita hapa kwa gari. Wewe umeshuka.”

Wiki ile nyumba ya sajini ilikuwa na kazi. Sanduku la bibi lilitolewa sakafuni likawekwa juu ya matofali manne, kwa sababu ya unyevu na mchwa. Mfuko wa nailoni uliokuwa na picha ulitupwa, maana nailoni hutoa jasho na picha hushikana. Badala yake ilitumika bahasha ya karatasi. Mtoto wa pili alitaka kuing'arisha nyota kwa majivu na ndimu kama sufuria, akakatazwa: shaba ya nishani haisuguliwi, hufutwa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba na kuviringwa, basi. Nyuma ya picha binti aliandika kwa penseli laini bila ya kukandamiza, kwani wino hupenya na gundi hula karatasi.

Iliyobaki ni karatasi ya nyota. Binti alikaa mkekani na daftari, bibi akataja: jina, jina la baba yake, kikosi, nchi aliyopigana. Sajini akapendekeza liongezwe neno shujaa.

“Hapana,” akasema bibi. “Hakuwahi kujiita hivyo. Andika kwamba alirudi, na kwamba hakupenda mvua.”

“Na Dufile, bibi? Niandike tuliyoambiwa na yule mzee?”

Bibi alikaa kimya, akakichezea kile kitambaa. “Andika,” akasema. “Tumia karatasi nyingine, lakini iweke humuhumu.”

Binti akaandika karatasi ya pili. Bibi akataka asomewe zote mbili, kisha asomewe tena, akazikunja, akazitia sandukuni pamoja na nyota, akafunga kufuli, na ufunguo akamfunga mjukuu wake kwenye pindo la kanga.