Utu Uzima na Shukrani

Lugha ya Kiswahili haina uchoyo wa maneno ya kumtaja mtu aliyekula chumvi nyingi. Twasema mzee, mkongwe, shaibu, ajuza, kikongwe. Lakini lenye adabu kubwa kuliko hayo yote ni lile ambalo twalitamka kila siku bila kulifikiri, nalo ni mtu mzima. Kitu kizima ni kile kisichovunjika wala kupungua: chungu kizima, mkate mzima, siku nzima. Tena neno hilo hutaja uhai na afya, ndiyo maana watu wakikutana huulizana, "U mzima?" Basi ni ajabu kidogo kwamba neno hilo hilo ndilo linalotumiwa kwa mtu ambaye umri umemwendea, hata mtu akitaka kusema kwa heshima kuwa fulani amezeeka, husema, "Yule sasa ni mtu mzima." Kwa hesabu ya macho, huyo ndiye aliyepungukiwa zaidi ya wote. Meno yamepungua, mwendo umepungua, na marafiki aliokua nao wamepungua pia. Je, uzima wake uko wapi?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi, ndugu walimu na wanafunzi. Hatulitafakari kama wataalamu wa asili za maneno, bali kama walimu wa Kiswahili nchini Uganda tunaoikaribia miaka 60, umri ambao mtumishi wa serikali katika nchi yetu hukabidhi kazi na kwenda nyumbani. Mtu aliye karibu na mlango huo hawezi kukwepa kujitazama. Hujiuliza amekuwa nani, na kama siku zake zilikwenda kwa faida.

Tuanze na macho, maana ndiyo yanayotangulia kutoa taarifa. Ndani ya jicho mna lenzi ambayo hubadili umbo lake ili mtu aone vya karibu na vya mbali. Kadiri miaka ipitavyo lenzi hiyo hukakamaa, na mtu akiisha kuvuka miaka arobaini na kitu huanza kuusogeza ukurasa mbali na uso wake, mpaka mkono unakuwa mfupi. Jambo hili huwapata watu wa mataifa yote, msomi na asiye msomi. Hata hivyo twawajua walimu walioona afadhali kusomesha hadithi kwa kuikariri kuliko kuvaa miwani mbele ya darasa. Sisi twavaa miwani, na tumegundua kwamba wanafunzi huizoea kwa siku mbili tu, kisha huisahau. Aliyebaki akiifikiria ni mwenye pua.

Baada ya macho hufuata majina. Jina la mwanafunzi tuliyemfundisha mwaka jana hutuponyoka tukiwa tumesimama naye uso kwa uso, lakini maana ya neno adimu tulilojifunza katika ujana wetu huja mara moja bila kuitwa. Wachunguzi wa akili ya binadamu wameliona jambo hili. Wepesi wa kukumbuka majina hupungua mapema, lakini akiba ya msamiati hudumu, na kwa watu wengi huendelea kuongezeka hata katika miaka ya hamsini. Kwa mwalimu wa lugha hiyo si habari ndogo. Kile ambacho kazi yetu inakihitaji zaidi ndicho ambacho umri haukimbilii kukichukua. Lakini mwenye kuhesabu yaliyoondoka tu hataiona akiba hiyo, kwa sababu iliyopo haipigi kelele.

Siku moja tulikuwa tumesimama karibu na soko la Wandegeya, mjini Kampala, tukingoja kuvuka barabara. Kijana mmoja wa bodaboda alisimamisha pikipiki yake, akawaashiria wenzake wangoje, kisha akatuambia, "Mzee, pita." Mengine aliyoyasema yalikuwa ya Kiluganda, neno mzee lilikuwa letu. Tulivuka tukiwa na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa furaha, maana neno tuliloliandika ubaoni kwa zaidi ya miaka thelathini tulilisikia likitumika njiani bila kitabu wala mtihani. La pili lilikuwa mchomo mdogo moyoni. Miaka yote hiyo tulilifundisha kama neno la watu wengine, na sasa limetuelekea sisi.

Mwalimu hata akichomwa hubaki kuwa mwalimu. Tulipofika ng'ambo tulikuwa tumekwisha kuanza kuchambua. Mzizi -zee ukiwekwa katika ngeli ya M-WA hutupa mzee, naye ni mtu wa heshima. Mzizi huo huo ukiwekwa katika ngeli ya KI-VI hutupa kizee, na hapo mara nyingi mtu ameshushwa na kudunishwa. Umri ni ule ule, na kilichobadilika ni kiambishi. Yule kijana, ambaye huenda hajui ngeli ni nini, alituweka katika ngeli ya watu. Ilikuwa juu yetu kuipokea nafasi hiyo au kuikataa.

Jambo la kupokea hutukumbusha shikamoo. Watu wengi huieleza amkio hii kwamba asili yake ni kusema, "Nashika miguu yako." Tunapoifundisha hapa Uganda, ambako haikuwa desturi ya watu wengi, wanafunzi huitamka kwa bidii na hutazama kama tutajibu sawasawa. Basi wapo watu wazima ambao wakiamkiwa hivyo hucheka na kusema, "Usinizeeshe!" Wao hudhani wamefanya mzaha, kumbe wamemwacha mtoto na heshima yake mkononi, hana pa kuiweka. Shikamoo haina budi kupata marahaba. Kuitikia marahaba kwa sauti timamu, bila kuona haya na bila kujivuna, ni mazoezi madogo ya kuukubali umri, na mwalimu huyapata kila asubuhi bila malipo.

Lakini kuukubali mwili ni jambo jepesi likilinganishwa na kuikubali kazi ya maisha. Hapa ndipo penye uzito wa makala haya.

Wengi wetu tulikuwa watoto mwaka 1973, Idi Amin alipotangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa la Uganda. Lugha ambayo tayari ilikuwa ya askari ikazidi kusikika katika vizuizi vya barabarani na katika vinywa vya wenye bunduki, na utawala ule ulipoanguka mwaka 1979, kumbukumbu hiyo haikuanguka nao. Tulipoanza kufundisha, mzazi mmoja alifika shuleni kuuliza kwa nini mtoto wake afundishwe lugha ya watu waliomvunjia mlango. Hakuuliza kwa ujinga. Alikuwa na haki ya kuuliza, nasi tulimjibu kwamba lugha haina kosa katika maneno aliyoyasema mwenye bunduki, na kwamba mtoto wake akiijua hatatishwa nayo. Alinyamaza, kisha akaenda zake. Mtoto aliendelea kuja darasani.

Katiba ya mwaka 1995 ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mwaka 2005 ikarekebishwa, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaridhia lugha hii ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mlango ambao tuliubisha kwa miaka mingi umeanza kufunguka, nasi tuko karibu kuondoka uani. Ni rahisi kwa mtu wa hali hiyo kusema, "Laiti ningalizaliwa miaka thelathini baadaye." Neno laiti lina utamu wake katika ushairi, lakini katika maisha ya kila siku halimzalishii mtu kitu.

Kadhalika, vijana wanaokuja kutoka vyuo vikuu wanajua mambo ambayo hatukufundishwa. Sisi tulizigawa ngeli kwa viambishi vya majina: M-MI, JI-MA. Wao wanazigawa kwa upatanisho katika sentensi: U-I, LI-YA. Mwalimu mmoja kijana alipotueleza faida ya utaratibu huo, tulimwomba akae nasi mchana mmoja, tukapitia jedwali zima pamoja. Aliondoka na kitu pia, maana tulimwonyesha namna ya kulifundisha darasa la watoto sabini lenye vitabu tisa. Kila mmoja alikuwa na pengo, na kila mmoja alikuwa na cha kulizibia la mwenzake. Utu uzima dawa, wahenga walisema; nasi twaongeza kwamba dawa hiyo haimwondolei mtu haja ya kutibiwa na wengine.

Yafaa pia tumkumbuke Shaaban Robert, ambaye kila mwalimu wa Kiswahili humwona kama babu. Alizaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, na miongoni mwa maandishi yake mna habari za maisha yake mwenyewe, yakiwemo yale ya baada ya miaka hamsini. Alipewa miaka 53 tu. Sisi ambao twamnukuu kama mzee wetu tumekwisha kumpita kwa umri. Tulipoifanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza, tulikaa kimya kitambo. Kila mwaka tunaouhesabu sasa kama mwaka wa kupungukiwa ni mwaka ambao yeye hakuupata.

Hapo ndipo twafika kwenye shukrani, nayo yahitaji tahadhari. Kuna shukrani ya uongo ambayo hujipima kwa mashaka ya wengine: "Namshukuru Mungu, mimi angalau natembea, fulani hatembei." Hiyo humgeuza jirani kuwa ngazi ya kupandia. Neno letu asante limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni kumwambia mtu, "Umefanya vyema." Halimtaji anayeshukuru, bali humwelekea aliyetenda, na hulitazama tendo lake. Kwa hiyo asante iliyo kamili inamhitaji mtu wa kuambiwa na jambo la kutajwa. Anayesema kwamba anashukuru kwa yote, kisha asiweze kumtaja hata mmoja aliyemtendea jema tangu asubuhi, bado hajaanza.

Katika jambo hili majirani zetu Waganda wana desturi ambayo Mswahili angefaidika kuiiga. Mganda akimkuta mtu akilima, akifagia au akibeba mzigo, humwambia, "Gyebale," yaani humshukuru kwa kazi ile, hata kama kazi yenyewe haimhusu, hata kama hamjui mtu yule. Sisi kwa Kiswahili husema, "Pole na kazi," na tunampa mtu huruma kwa taabu yake. Zote mbili ni adabu njema. Lakini mtu aliyefanya kazi kwa miaka thelathini na tano hahitaji pole peke yake. Mara nyingi, jioni tukirudi nyumbani na vumbi la chaki katika mikono ya shati, mama mmoja auzaye ndizi kando ya njia hutuambia "Gyebale," nasi humrudishia. Hajui tulifundisha nini siku hiyo, wala hatujui ameuza kiasi gani. Tumeshukuriana kwa kuwa tumefanya kazi, basi.

Hata hivyo tusieleweke vibaya. Kuukubali uzee si kukubali kudhulumiwa. Mwalimu aliyestaafu ambaye malipo yake ya uzeeni yamecheleweshwa hana wajibu wa kutabasamu na kuita kucheleweshwa huko majaliwa. Na aende akadai, na wenzake wamsindikize. Shukrani hutolewa kwa jema lililotendwa, na haki isiyotolewa hudaiwa. Mtu mwenye kuyachanganya mawili hayo atakuwa mnyonge, na ataliita unyonge wake uvumilivu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtu mzima ni mzima kwa maana gani? Jibu tulilolifikia ni hili. Kijana huishi kwa kuchagua sehemu za nafsi yake atakazozionyesha na zile atakazozificha. Mtu mzima ni yule aliyekwisha kuzileta zote barazani: miwani yake, majina anayoyasahau, msamiati wake mwingi, mzazi aliyemuuliza swali gumu, miaka ya kufundisha lugha isiyopendwa, pamoja na kijana aliyemfundisha ngeli upya. Hakuna aliloliacha nje ya hesabu. Chungu chenye ufa kikiwa na vipande vyake vyote bado hupika, ila mpishi hukijua upande wa kukigeuzia.

Ndugu walimu, tunapendekeza zoezi moja la insha. Waambieni wanafunzi wamwandikie mtu mzima mmoja barua ya asante, kwa masharti mawili: wamtaje kwa jina, na walitaje tendo moja alilotenda. Nanyi andikeni pamoja nao. Sisi tumekwisha kuiandika yetu. Tumempelekea fundi aliyetutengenezea miwani, kwa kuwa bila yeye tusingaliziona herufi hizi.