Bulo, boliti, na kopo la muuzaji

Wengi mnatuona Jumamosi tumekaa chini ya mti na spana, mnadhani kazi yetu ni kukaza tu. Kukaza ni dakika mbili. Kazi yenyewe ni kupata boliti inayofaa, na leo tunaandika juu ya hiyo.

Sisi tuliovuka kutoka Kasindi tulikuja na maneno yetu: bulo, ekru, rondele, kle. Ukiingia dukani Bwera ukasema "kaka, nipe bulo ya kumi", muuzaji anakuangalia tu. Huku ni boliti, nati, wosha, spana. Maneno unayazoea kwa wiki moja. Shida kubwa iko ndani ya kopo lake, maana mle kuna vipimo viwili vimechanganyika. Kwetu Wabelgiji walituzoesha milimita, huku Waingereza walikuja na inchi. Mitambo ya zamani ya Kilembe, mgodi ulioanza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, ni ya wakati wa inchi. Pikipiki za leo ni za milimita. Muuzaji anamwaga zote pamoja na kuuza kwa macho.

Kuna mama yetu mmoja ambaye miguu yake haitembei. Anauza maharage kwa baiskeli ya mikono, ile ya magurudumu matatu. Boliti ya usukani ilikatika, fundi mmoja akamwekea nyingine, ikakaza vizuri tu. Siku ya nne, kwenye mteremko wa kwenda Mpondwe, nati ilichomoka, usukani ukageuka peke yake. Alivunjika mkono, na kwa mtu anayetembea kwa mikono, hiyo ni kama kuvunjika miguu. Wiki nzima watoto wake walikula kwa majirani.

Tulipofungua tukaona: nati ilikuwa ya milimita 10, boliti ilikuwa ya inchi, tatu ya nane. Tatu ya nane ni kama milimita 9 na nusu. Kwa macho zinafanana kabisa, na nati inaingia, hata inakaza. Lakini meno yanagusana kwa ncha tu. Barabara ikitikisa, yanalika mpaka yanaisha.

Kwa hiyo sisi hatununui bila kujaribu. Tunabeba boliti ya zamani, hata kama imekatika, tunailaza sambamba na mpya, meno ndani ya meno, tunainua kwenye mwanga. Ukiona nafasi kati yao, rudisha. Halafu nati izungushwe kwa vidole mpaka mwisho. Ikicheza-cheza ni kubwa. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, usilete spana kuilazimisha. Na hata milimita 10 haziko za aina moja: ya kawaida dukani hatua ya meno ni milimita 1.5, lakini kwenye pikipiki utakuta nyingi za 1.25.

Tena angalia kichwa. Boliti nzuri ya milimita imeandikwa namba, kama 4.6 au 8.8. Namba ya kwanza zidisha kwa 100, unapata nguvu ya chuma kabla ya kukatika, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Ya 8.8 inabeba 800, ya 4.6 inabeba 400. Ni nusu, jamani, na kwa sura ni mapacha! Ile yenye kichwa kitupu sisi tunaifunga kwenye kiti au kikapu. Kwenye usukani na breki, hapana.

Mahali panapozunguka hapataki kukazwa sana, la sivyo hapazunguki. Hapo tunatumia nati yenye plastiki ndani, ile isiyolegea, na tukiifungua hatuirudishi, tunaweka mpya. Sehemu ya boliti isiyo na meno ndiyo ikae ndani ya tundu linalozunguka. Meno yakikaa pale yanakula tundu kama msumeno, na boliti yenyewe inakatikia hapo hapo.

Mtauliza, kwa nini fundi asinunue nzuri? Kwa sababu Bwera mara nyingi hazipo, inabidi kwenda Kasese mjini, na nauli inapita bei ya boliti mara nyingi. Hatumlaumu sana. Ndiyo maana sasa tunakusanya mahitaji ya watu wengi, mmoja wetu anapanda gari na kopo la sampuli, kila moja imefungwa na karatasi yenye jina la mwenyewe.

Ndugu zetu wa mashirika, tunaomba hivi. Mnapogawa baiskeli za mikono, asanteni, zinasaidia sana. Lakini zinakuja bila hata nati moja ya akiba. Fungeni kwenye kila moja kimfuko cha boliti za usukani na za magurudumu, spana moja, na karatasi inayosema ni za kipimo gani. Kwa Kiswahili, tafadhali. Mkileta zile karatasi hata kabla ya baiskeli, sisi tutaanza kutafuta mapema.

Safari ijayo ya Kasese ni Jumatatu. Mwenye boliti iliyokatika aitafute hata kwenye vumbi, ailete kabla ya Jumapili jioni.