Sahihi ya Mkaguzi

Kila mwaka, nikifika kwenye mada ya udhibiti katika somo la utawala wa umma, mfano wa kwanza ninaowapa wanafunzi wangu hautoki katika wizara zetu. Huwapa Boeing. Wengi hushangaa, kwa kuwa wamezoea kusikia kwamba ukaguzi wa mezani ni ugonjwa wa nchi maskini. Nataka waone kwanza jinsi ulivyoliingia taifa lenye fedha, wahandisi na mahakama.

Machi 10, 2019, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na Bishoftu, wakafa watu wote 157, wakiwamo Wakenya 32. Chini ya miezi mitano kabla yake, Oktoba 29, 2018, ndege nyingine ya aina hiyo hiyo, 737 MAX 8 ya Lion Air, ilikuwa imetumbukia baharini nchini Indonesia na kuua watu 189.

Chanzo kikubwa cha ajali zote mbili kilianzia kwenye ushindani wa soko. Mwaka 2011 Boeing, ikishindana na Airbus, iliamua kuifunga 737 ya miaka ya 1960 injini mpya kubwa badala ya kubuni ndege mpya. Injini hizo zilibadilisha tabia ya ndege angani, hivyo ukaongezwa mfumo wa kompyuta uitwao MCAS, wenye uwezo wa kuisukuma pua ya ndege kuelekea chini. Mfumo huo ulitegemea taarifa ya kihisi kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kihisi kikitoa taarifa ya uongo, ndege hupigana na rubani wake.

Marubani hawakuambiwa. MCAS haikuelezwa katika kitabu chao cha mwongozo. Ahadi ya kibiashara ilikuwa kwamba rubani wa 737 ya zamani ataweza kurusha MAX bila mafunzo ya gharama katika mashine ya kuigiza urukaji. Mkataba na mteja mkubwa, Southwest, uliweka punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege iwapo mafunzo hayo yangelazimishwa. Kunyamaza kulikuwa na bei, na bei hiyo ilijulikana.

Mdhibiti alikuwa wapi? Hapa ndipo ninapowataka wanafunzi waweke kalamu chini wasikilize. Kwa utaratibu uliokubalika kisheria, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani ilikuwa imekasimu sehemu kubwa ya kazi ya uidhinishaji kwa wafanyakazi wa Boeing wenyewe. Walikagua kwa niaba ya serikali, wakalipwa mshahara na kampuni. Wahenga wetu waliionya hali hii walipoikataa kesi ya ngedere kuamuliwa na nyani. Katika uchunguzi wa ndani wa Boeing wa mwaka 2016, asilimia 39 ya wafanyakazi hao walisema wanahisi shinikizo lisilostahili. Walisema, na kazi ikaendelea.

Wakati huo huo, kati ya 2013 na 2019, kampuni ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake yenyewe ili kuwanufaisha wenye hisa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba fedha za usalama hazikuwapo. Zilikuwapo, zikapangiwa kazi nyingine.

Baada ya ajali ya pili, China ilisimamisha MAX Machi 11. Marekani, nchi iliyoiidhinisha, ilifuata Machi 13. Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 ili kuahirisha mashtaka ya kula njama ya kuihadaa serikali. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliyakwenda mashirika ya ndege. Familia za marehemu zilitengewa dola milioni 500. Mtu mmoja tu alishtakiwa, rubani wa ufundi, na mwaka 2022 baraza la mahakama lilimwona hana hatia. Hakuna mkurugenzi aliyepandishwa kizimbani.

Haki inataka niseme pia kwamba ndege ilirekebishwa. Mfumo sasa unalinganisha vihisi viwili, na marubani hufunzwa. Lakini Januari 5, 2024, kipande kilichoziba nafasi ya mlango kilichomoka kwenye 737 MAX 9 ya Alaska Airlines ikiwa angani. Wachunguzi walikuta boliti nne za kukishikilia hazikurudishwa kiwandani, na kazi ya kukifungua kipande hicho haikuandikwa popote. Hakukuwa na sahihi ya mtu yeyote.

Tanzania ilipokea MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023. Sisi, kama nchi nyingi, hatuna uwezo wa kuipima upya kila ndege tunayoinunua. Kwa sehemu kubwa tunaegemea cheti cha nchi iliyoitengeneza. Abiria wa Dodoma au Mwanza amekabidhi maisha yake kwa ofisa wa ng'ambo asiyemjua.

Wanafunzi wangu nao watakuwa maofisa wa namna hiyo kwa watu wasiowajua. Watakagua dawa bandarini, nguzo za ghorofa, mizani ya pamba, breki za mabasi ya mikoani. Kwa kila taasisi ya udhibiti nawataka waulize kwanza nani anamlipa mkaguzi, kisha nini humpata siku anapokataa kutia sahihi. Jibu la swali la pili likiwa ni kuhamishwa kituo, basi cheti kinachotolewa na taasisi hiyo ni karatasi tu, hata kikiwa na nembo ya taifa. Atakayekuja kugundua hivyo ni yule aliyekwisha kukaa kwenye kiti na kufunga mkanda.