Segerea: Mkono wa mkandaji nao huenda shule

Mwambie mtu wa mjini kwamba unakwenda Segerea, atakuuliza, "Nani kafungwa?" Jina la gereza limeufunika mtaa mzima. Lakini abiria wengi wanaoteremka daladala iliyopita Buguruni na Tabata wanarudi majumbani tu, kwenye nyumba za kupanga, magenge ya nyanya na watoto wanaocheza uchochoroni.

Nyumba yenye mzazi hujulikana asubuhi. Sufuria kubwa la maji liko kwenye jiko la mkaa, na mama wa makamo anapiga hodi. Huyo ndiye mkandaji. Taulo la moto mgongoni na kiunoni, mafuta ya nazi miguuni: yote aliyaona kwa bibi yake, hakuna aliyempa cheti.

Siku hizi saluni nazo zina chumba cha masaji, na vijana waliosomea kazi hiyo. Hata wao hawajamaliza kusoma, maana elimu yenyewe inabadilika. Zamani walifundishwa kwamba kukanda hutoa asidi inayobaki kwenye misuli baada ya mazoezi. Sasa inajulikana kwamba mwili huiondoa wenyewe, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi. Kukanda bado kunapunguza maumivu na kumtuliza mtu, ila sababu si ile ya zamani.

Kwa mama aliyejifungua, somo kubwa ni kujua wakati wa kutokukanda. Maji yanayochemka huunguza. Tumbo lenye mshono wa upasuaji halikandamizwi. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye kigimbi, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua. Ukiukanda mguu huo, bonge la damu linaweza kung'oka, likaenda kwenye mapafu na kuua.

Mkandaji asiyejua ataona uvimbe na kuongeza nguvu. Anayejua atafunika chupa yake ya mafuta na kusema, "Mwanangu, mguu huu siushiki. Ita bajaji twende hospitali." Siku hiyo huenda akakosa ujira wake, lakini mtoto hatakosa mama.

Basi mzazi, kabla ya kumkaribisha mkandaji, muulize mambo matatu: maji anayapimaje joto, mshono anaufanyaje, na mguu uliovimba anaufanyaje. Akiudhika, tafuta mwingine. Akijibu vizuri, mheshimu kama fundi. Ukienda kliniki, nenda naye akamsikilize muuguzi. Jioni hiyo atakuwa amewafundisha wenzake mtaa mzima.

Na ikifika siku ya mguu ule, msisubiri kesho. Barabara ile ile ya Tabata na Buguruni ndiyo inayokwenda Hospitali ya Amana.